Jiwe Halikutangulia: Vitisho, Propaganda na Hadithi ya Ukorofi wa Nyanza Kusini

Kuna maelezo yanayorudiwa mno katika siasa za Kenya kuhusu kaunti za Migori na Homa Bay, ambazo hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990 zilikuwa wilaya moja ya Nyanza Kusini, nayo ni kwamba nguvu inayotumiwa na vyombo vya dola dhidi ya wakazi wake ni jibu tu. Kwa mujibu wa maelezo hayo, vijana huanza kwa kurusha mawe, kuchoma matairi na kuifunga barabara ya kutoka Kisii kwenda Isebania, kisha polisi huja kurejesha utulivu, na katika purukushani hiyo watu kadhaa huumia au kufa. Jambo la kusikitisha, husemwa, lakini lisiloepukika pale ambapo wananchi wenyewe ni wakorofi. Maelezo haya hayatolewi na wasemaji wa serikali pekee. Wahariri huyachapa bila kuyapima, wachambuzi huyarudia redioni kila msimu wa uchaguzi, na, la kushangaza zaidi, wapo wenyeji waliofika mahali pa kujivunia ukorofi waliosingiziwa.

Makala haya yanashikilia kwamba mpangilio huo umepinduliwa. Katika sehemu kubwa ya matukio yaliyoliingiza eneo hili katika vichwa vya habari, jiwe halikutangulia. Kilichotangulia ni neno, yaani jina walilobandikwa watu kabla hawajafanya lolote, kisha nguvu ikafuata, na baada ya nguvu neno likarudi kuwatwika lawama walioumizwa. Vitisho vya dola, kwa maana ya matumizi ya nguvu yanayokusudiwa kuwaogofya wengi kupitia mateso ya wachache, na propaganda, kwa maana ya habari zinazotungwa na kusambazwa makusudi ili kulinda mamlaka, si nyenzo mbili zinazotumiwa kwa zamu, moja ikishindwa ndipo nyingine ishikwe. Ni kazi moja. Hofu huwafanya watu wasithubutu kuukanusha uongo hadharani, nao uongo huifanya hofu ionekane kuwa ni utulivu.

Hoja hii inapimwa vizuri zaidi kwa tukio ambalo ndani yake hapakuwa na maandamano, tairi lililochomwa wala barabara iliyofungwa. Tarehe 7 Juni 2025, Albert Ojwang', mwalimu na mwanablogu wa umri wa miaka 31, alikamatwa nyumbani kwao katika kaunti ya Homa Bay, akapelekwa kituo cha polisi cha Mawego, kisha akasafirishwa kwa gari zaidi ya kilomita 300 hadi kituo cha Central jijini Nairobi. Alishukiwa kuchapisha mtandaoni habari za uongo kuhusu Naibu Inspekta Jenerali wa Polisi, Eliud Lagat. Baba yake alifunga safari kwenda Nairobi akiwa na hati ya shamba mkononi, kwa matumaini kwamba ingekubaliwa kuwa dhamana, na alipofika akaambiwa kwamba mwanawe amefariki. Taarifa ya polisi ilieleza kwamba marehemu alijigonga kichwa kwenye ukuta wa seli. Tarehe 10 Juni madaktari waliochunguza maiti wakabaini majeraha ya kichwa, dalili za kubanwa shingo na majeraha mengine mwilini, mambo ambayo mtu hawezi kujitendea kwa kujigonga ukutani, na siku iliyofuata Inspekta Jenerali Douglas Kanja alisimama mbele ya Seneti na kuomba radhi kwa taarifa iliyokuwa imetolewa. Lagat alijiweka kando kupisha uchunguzi, na kabla ya mwezi huo kwisha maafisa wa polisi na raia kadhaa walishtakiwa kwa mauaji.

Ni vyema kuitazama kwa makini taarifa ile ya ukutani, kwa kuwa ndiyo inayofichua utaratibu wote. Mtu alikamatwa kwa madai ya kusambaza uongo, akafia mikononi mwa idara iliyomkamata, na idara hiyohiyo ikasambaza uongo kuhusu kifo chake. Nao uongo huo haukuwa wa kukana tu kwamba jambo limetokea, bali ulimfanya aliyekufa kuwa mtendaji. Mwenye kuuamini angemwona Ojwang' kuwa mtu mwenye matatizo ya akili au mwenye hatia iliyomlemea. Asiyeuamini, ambaye huenda ndiye aliyelengwa hasa, angesoma ujumbe mwingine kabisa, kwamba wenye nguvu wanaweza kusema lolote juu ya maiti yake na likasomwa kwenye taarifa ya habari. Propaganda ya aina hii haihitaji kuaminiwa ndipo ifanye kazi. Inatosha ijulikane kwamba hakuna wa kuipinga.

Watetezi wa maelezo yanayokosolewa hapa hujibu kwamba hao ni maafisa wachache waliopotoka, na kwamba si haki kuishutumu dola nzima kwa makosa ya seli moja. Jibu hilo lingekuwa na uzito kama hadithi ya kujidhuru ingekuwa imebuniwa usiku ule. Lakini mwezi Februari 1990, mwili wa Robert Ouko, Waziri wa Mambo ya Nje, ulipopatikana Got Alila ukiwa umepigwa risasi na kuchomwa moto, dhana kwamba alijiua ilijengwa na upande wa serikali na kutetewa na mtaalamu wake wa maiti, hadi mpelelezi John Troon kutoka Scotland Yard alipohitimisha kwamba aliuawa. Ng'ambo ya Ziwa Viktoria, utawala wa Idi Amin ulitangaza Februari 1977 kwamba Askofu Mkuu Janani Luwum na mawaziri wawili, Erinayo Oryema na Charles Oboth-Ofumbi, walifariki katika ajali ya gari, ilhali walikuwa wameuawa. Tawala hizi hazifanani kwa ukatili wala kwa idadi ya wahanga, na kuzilinganisha kwa mizani moja kungekuwa ni uvivu wa fikra. Zinachoshiriki ni desturi ya kukabidhi lawama kwa asiyeweza kusema, na desturi haitokani na afisa mmoja aliyepotoka.

Wapo watakaouelekeza mjadala kwenye Kisumu ya tarehe 25 Oktoba 1969, kwa sababu huko, wanadai, mawe yalirushwa kweli. Ni sahihi kwamba Rais Jomo Kenyatta alizomewa alipokwenda kufungua hospitali iliyojengwa kwa msaada wa Urusi, na kwamba umati ulikuwa na hasira, kwani haikuwa imetimia hata miezi 4 tangu Tom Mboya, mwana wa kisiwa cha Rusinga na katibu mkuu wa chama tawala cha KANU, kuuawa kwa risasi Nairobi tarehe 5 Julai. Lakini risasi za siku hiyo hazikuishia kwenye umati uliozomea. Msafara ulipoondoka uliendelea kufyatua risasi kuelekea Ahero, kwa watu waliosimama kandokando ya barabara, wengine wakiwa wametoka tu kumwona rais akipita. Serikali ilitaja vifo 11, idadi ambayo wenyeji hawajawahi kuikubali. Siku chache baadaye chama cha upinzani cha KPU kilipigwa marufuku, na kiongozi wake, Jaramogi Oginga Odinga, akawekwa kizuizini.

Anayeanzia hesabu yake kwenye jiwe la Oktoba 1969 analazimika kuyasahau yaliyotangulia. KPU, kilichoundwa mwaka 1966, kilikuwa kimeelezwa tangu mwanzo kuwa chombo cha wakomunisti na cha kabila moja. Na katika uchaguzi wa serikali za mitaa wa mwaka 1968 wagombea wake wote, wapatao 1,800 nchini kote, walienguliwa kwa madai kwamba fomu zao hazikujazwa ipasavyo, huku fomu za KANU zikionekana kujazwa bila dosari. Hakuna polisi aliyelazimika kumpiga mtu kwa ajili ya fomu. Mlango wa sanduku la kura ulifungwa kwanza kwa wino, na waliofungiwa nje walipopaza sauti, kelele zao zikatumiwa kuwa sababu ya kuwafungia zaidi.

Kipindi chenye mafunzo mengi kuliko vyote kwa Nyanza Kusini, hata hivyo, ni kile kisichokumbukwa sana kwa sababu hakikuacha makaburi mengi. Baada ya kifungu cha 2A kuingizwa katika katiba mwezi Juni 1982, Kenya ikawa nchi ya chama kimoja kisheria, na kwa hiyo aliyefukuzwa KANU alikuwa amefukuzwa katika siasa zote. Mwezi Septemba 1984 Rais Daniel arap Moi, akirejea kutoka Addis Ababa, aliwataka mawaziri na viongozi wengine waimbe kama kasuku wimbo aliokuwa akiuimba yeye, na hakuna aliyejitokeza kuuliza kama alikuwa akitania. Taarifa ya habari ya Sauti ya Kenya ilianza kwa mienendo ya rais hata kama siku hiyo alikuwa amehudhuria ibada tu. Mwaka 1986 chama kikaunda Kamati ya Nidhamu ya kitaifa, chombo kilichowaita wanachama mbele yake kujibu mashtaka ya kukosa utiifu, na ambacho wabunge walikiogopa kuliko walivyoiogopa mahakama, hadi Moi mwenyewe alipokivunja mwaka 1987.

Mwenyekiti wa kamati hiyo hakutoka Baringo, nyumbani kwa Moi, wala Nairobi. Alikuwa David Okiki Amayo, mwenyekiti wa kitaifa wa KANU, mwanasiasa wa Karachuonyo, ambako leo ni sehemu ya kaunti ya Homa Bay. Jambo hili linavuruga maelezo yaliyozoeleka kutoka pande zote mbili, kwa kuwa linaonyesha kwamba eneo linalosemekana kuwa la wakaidi lilimtoa mtunza nidhamu mkuu wa chama tawala, na pia kwamba vitisho havikuletwa na wageni peke yao kama wenyeji wengi wanavyopenda kusimulia. Mamlaka inayotawala kwa hofu huhitaji watu wa nyumbani wanaojua ukoo gani una uzito, mwalimu yupi husikilizwa na mfanyabiashara gani hutoa michango kwa siri.

Kisha ukaja mlolongo. Utaratibu huu wa kupiga kura kwa kupanga foleni, ulioamuliwa na wajumbe wa KANU mwaka 1986, ulitumiwa katika uteuzi wa wagombea wa chama tarehe 22 Februari 1988. Wanachama walikusanyika uwanjani na kujipanga nyuma ya wakala aliyeshika picha ya mgombea, kisha maafisa wakahesabu vichwa na kutangaza. Aliyepata zaidi ya asilimia 70 alihesabiwa kuwa ameshapita bila kupingwa, kwa hiyo katika maeneo mengi uchaguzi mkuu wa mwezi Machi haukuwa na la kuamua. Kilichokuwa kikifanyika uwanjani kinastahili kutazamwa kwa karibu. Mwenye duka la rejareja alijipanga akijua kwamba naibu wa chifu, ambaye maoni yake yaliweza kuamua kama leseni yake itaendelea, anamtazama. Mwalimu alijipanga mbele ya wale wenye uwezo wa kumhamisha hadi shule ya mbali. Vijana wa chama, ambao katika miaka hiyo walikuwa wakidai kadi za KANU hata masokoni na kwenye vituo vya magari, walizunguka pembeni wakiwajua wote kwa majina. Foleni fupi iliweza kutangazwa kuwa ndefu mbele ya macho ya waliokuwa ndani yake, na kwa kuwa hapakuwa na karatasi yoyote ya kura, watu walipotawanyika ushahidi wote ulitawanyika nao.

Hapakuwa na jiwe katika foleni hiyo. Walikuwepo watu watiifu kuliko inavyoweza kutarajiwa, wamesimama juani kwa utulivu, na bado walitawaliwa kwa hofu na kudanganywa kwa wakati mmoja. Kama nguvu ya dola ingekuwa kweli ni jibu la fujo, basi utulivu wa Februari 1988 ungelipwa kwa hesabu safi. Ulilipwa kwa bunge la wateule. Mlolongo ulipoachwa mwishoni mwa 1990, baada ya malalamiko ya makanisa na ya wanasheria, na kifungu cha 2A kilipofutwa Desemba 1991, wapiga kura wa Karachuonyo walipata tena sanduku la siri, na mwaka 1992 wakamrudisha bungeni Phoebe Asiyo, mwanamke waliyewahi kumchagua mwaka 1979.

Historia ya baadaye inajulikana zaidi na inaweza kupitiwa kwa haraka. Katika ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, tume iliyoongozwa na Jaji Philip Waki ilihesabu vifo 1,133 nchini, 405 kati yake vikiwa vya risasi. Katika Nyanza, tofauti na Bonde la Ufa ambako raia waliuana kwa mishale na mapanga, wengi wa waliokufa walipigwa risasi, na kumbukumbu za hospitali ya Kisumu zilionyesha kwamba wengi wa waliopigwa risasi walipigwa kutoka nyuma. Mtu anayepigwa kutoka nyuma anakimbia. Mwaka 2017, baada ya matokeo ya Agosti kutangazwa, aliyekaimu Wizara ya Usalama wa Ndani alikana kwamba waandamanaji wa amani walipigwa risasi na akawataja waliokabiliwa na polisi kuwa ni wahalifu. Mashirika ya haki za binadamu yakakusanya ushahidi wa watu waliopigwa ndani ya nyumba zao, mahali ambapo ni vigumu kuifunga barabara. Uchaguzi wa marudio wa tarehe 26 Oktoba haukufanyika Kisumu, Siaya, Homa Bay na sehemu kubwa ya Migori. Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka iliuahirisha hadi tarehe 28, kisha ikauacha. Upande wa Kuria, ndani ya kaunti hiyohiyo ya Migori, kura zilipigwa, na ghafla kaunti moja ikawa na wananchi wema na wananchi wakorofi, wakitenganishwa na mwelekeo wa kura zao tu.

Toleo la kisasa la maelezo haya ni la hila zaidi. Linakiri kwamba zamani palikuwa na dhuluma, ila linadai kwamba chanzo chake kilikuwa siasa za upinzani, kwa hiyo dawa yake ni kuwa karibu na serikali. Dai hili limeshajaribiwa. Tarehe 7 Machi 2025 Rais William Ruto na Raila Odinga, kiongozi wa muda mrefu wa upinzani, walitia saini mkataba wa ushirikiano kati ya vyama vyao, huku viongozi wa eneo hili wakiwa sehemu ya kile kilichoitwa serikali jumuishi. Miezi 3 kamili baadaye Ojwang' akachukuliwa nyumbani kwao. Tarehe 17 Juni, waliojitokeza Nairobi kudai haki yake walivamiwa na magenge ya watu waliobeba marungu na mijeledi, wengine juu ya pikipiki, mbele ya polisi. Tarehe 26 Juni Waziri wa Usalama wa Ndani, Kipchumba Murkomen, alisema anayekaribia kituo cha polisi kwa nia mbaya apigwe risasi, kauli aliyolazimika kuitetea baadaye, na tarehe 9 Julai rais akasema wanaovamia biashara za watu wapigwe risasi mguuni. Mkataba wa viongozi hubadilisha ni nani anayekaribishwa mezani. Haubadilishi kile kinachosemwa juu ya aliye seli.

Ni lazima ikubaliwe kwamba upande wa pili una hoja zake. Kituo cha Mawego kilichomwa moto na waombolezaji tarehe 3 Julai 2025, siku moja kabla ya Ojwang' kuzikwa, na uchomaji huo ulikuwa uhalifu, wala hakuna hasira inayoupa jina jingine. Hata hivyo, Ojwang' alipofikishwa hapo kituo hicho kilikuwa kimesimama, na hakuna anayeweza kueleza jinsi moto wa Julai ulivyosababisha kifo cha Juni. Lililo gumu zaidi ni kwamba wanasiasa wa eneo hili wamejifunza ufundi uleule. Kwa miaka mingi mpiga kura wa Migori na Homa Bay amehimizwa avae suti, yaani achague wagombea wote wa chama kimoja kuanzia juu hadi diwani, na anayekataa huitwa msaliti au fuko. Nao wahuni wa kukodiwa wanaovuruga mikutano ya wapinzani ndani ya chama hawaletwi na serikali kuu. Anayelaani taarifa ya ukutani huku akilipa vijana kumnyamazisha mpinzani wake wa uteuzi ana ugomvi na mwenye nguvu, hana ugomvi na matumizi yake. Ila kasoro hiyo haiyatetei maelezo yanayopingwa hapa, bali inazidi kuonyesha jinsi neno la kumtenga mtu linavyoandaa mkono wa kumpiga.

Kwa hiyo mzigo wa uthibitisho unapaswa kuhamishwa. Anayedai kwamba nguvu ilikuwa jibu la fujo aonyeshe fujo hiyo, saa yake na mahali pake, kabla ya kuaminiwa, na vyumba vya habari viache kuchapa maneno ya kwanza ya polisi kuhusu kifo kilichotokea mikononi mwa polisi hadi Mamlaka Huru ya Kusimamia Utendakazi wa Polisi iwe imesema. Anayekamatwa afikishwe katika mahakama iliyo karibu na alipokamatwa. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 49, kwa kawaida inatoa muda usiozidi saa 24 kwa kazi hiyo, na umbali si kisingizio: Homa Bay ina Mahakama Kuu, na Oyugis, Mbita na Ndhiwa zina mahakama za mahakimu. Ojwang' hakufikishwa katika hata moja.